Hii Breka Ilijaribu Kutuambia

Nina breka moja iliyokufa kwa meza yangu, kando ya laptop. Ni ile saketi breka ya kawaida unayoiona kwenye boksi la stima, kiboksi cheupe chenye mkono mweusi, mbele imeandikwa C20. Wasee wakikuja keja wananiuliza kama ni prop ya video. Haikuwa. Nilikuwa sitaki kuiongelea kabisa, but nimechoka kuikwepa na macho kila nikikaa kuedit.

Nilipewa na caretaker wetu baada ya fundi kuing'oa. Nikaazima drili, nikatoboa zile riveti nne za pembeni, nikaipasua katikati kama ganda la njugu. Kabla uniige: hii ilikuwa imeshatolewa, haina stima popote. Ile iliyo kwa ukuta wako usiisogelee na bisibisi.

Nilikaa darasani mwaka mmoja na nusu nikisomea injinia ya umeme kabla ya karo kunishinda, na kwa huo muda wote breka niliiona ubaoni tu, mstari wenye alama ya x. Hakuna aliyewahi kutufungulia moja. So nilitarajia kukuta ka-chip flani ndani, kitu ya kisasa. Manze, hakuna chip. Kuna springi, kuna ndoano ndogo ya chuma, kuna vipande vya plastiki vinavyosukumana, kuna koili nene ya shaba yenye msumari katikati, na kuna rundo la vibati vyembamba vimepangwa kama mkate wa slaisi. Nilivihesabu, viko tisa. Ukiishika vizuri unaona hii kitu ni mtego wa panya. Ukipandisha mkono, unakaza springi na kuifungia kwa ndoano. Halafu inangoja. Chochote kikiigusa ile ndoano, springi inaachilia na stima inakatika.

Mtego wa panya, lakini panya ni sisi.

Ploti yetu iko Githurai. Ghorofa yetu ina singo nne, na stima yote ya hizo singo nne, taa na soketi, ilikuwa inapitia hiyo breka moja ya ampea 20. Piga hesabu na mimi. Stima ya kwetu ni volti 240. Birika la wati 2000 linavuta ampea 8 na kitu. Jiko la koili la wati 2000, zingine 8 na kitu. Pasi ya wati 1200, ampea 5. Tayari uko karibu 22, na hiyo inaweza kuwa singo moja tu, msee anayepika huku akinyoosha shati. Sasa weka singo nne, saa moja jioni, watu wametoka job wana njaa.

So ilikuwa inaanguka. Kila jioni. Caretaker anapanda ngazi, anairudisha, anateremka, inaanguka tena. Na boksi liko kwa ukuta wa magharibi, mlango wake ni bati, ikifika saa kumi na moja jua limelipiga mpaka huwezi kuliwekea mkono. Weka hiyo ya jua kando, tutairudia.

Caretaker wetu ni mzee wa miaka sitini hivi na magoti yanamsumbua. Siku moja akakuja na blada, ile mipira ya tyubu watu wa boda wanafungia mizigo, akaufunga mkono wa breka ukae juu. Akaukaza vizuri. "Sasa haiendi mahali, kijana wangu," akaniambia.

Jioni hiyo stima ikapotea saa moja na robo. Tukatoka kwa korido. Ghorofa ya chini wako na taa. Mtaa mzima uko na taa. Caretaker akapanda pole pole na tochi ya simu, akamulika boksi: mkono uko juu, blada imekaza. Akasema si breka, breka si iko juu, hapa ni waya imekatika mahali. Tukakaa giza mpaka saa tatu. Fundi alipofika akakata blada kwa kisu, akashusha mkono mpaka chini kabisa, akaupandisha, taa zikawaka. Akacheka. Caretaker hakucheka. "Lakini ilikuwa juu," akarudia, kama mtu aliyeibiwa.

Na ilikuwa juu kweli. Hiyo ndiyo kitu ilinifanya baadaye nitake kuifungua.

Ndani, ule mkono unaoshika haujaungana moja kwa moja na kontakti, yaani zile sehemu mbili zinazogusana ndio stima ipite. Kati yao kuna viungo vinavyofanya kazi kama goti. Goti likiwa limenyooka na limefungwa na ndoano, ukisukuma mkono, kontakti inafuata. Ndoano ikiachilia, goti linakunjika, na kontakti inafunguka hata kama umeushikilia mkono kwa nguvu zako zote. Unabaki umeshika kipande cha plastiki ambacho hakijaungana na chochote. Nimejaribu kwenye hii yangu: naubana mkono juu kwa kidole gumba, nagusa ndoano na pini, tak, kontakti imeachana na kidole changu hakijasonga.

Hebu fikiria hiyo. Kuna injinia, mahali, alikaa chini akiwaza, "mtu atachoka na hii kitu, atatafuta mpira aifunge." Alimjua caretaker wetu bila kumwona. Siku hizi breka yoyote inayofuata viwango vya kimataifa lazima iwe hivyo, huwezi kuilazimisha kukaa ndani kwa kuushikilia mkono. Ukiniuliza, hilo goti ni mojawapo ya mawazo mazuri zaidi yaliyomo ndani ya nyumba yako, na hakuna mtu analitag.

Kabla ya breka watu walikuwa na fyuzi ya waya, na ikiungua usiku mtu anaweka waya nene zaidi, au msumari, analala. Mjerumani mmoja, Hugo Stotz wa Mannheim, ndiye alisajili patenti ya breka ndogo ya aina hii mwaka wa 1924. Alichanganya vitu viwili kwenye kifaa kimoja: moja inayohisi joto na moja inayohisi shoti. Miaka mia moja imepita, na hiyo iliyo kwa meza yangu bado inafuata wazo lile lile.

Ile ya joto ni kipande cha metali mbili tofauti zilizobandikwa pamoja. Stima ikipita nyingi, zinapata joto, moja inatanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda pole pole mpaka kinagusa ndoano. Neno hapo ni pole pole. Watu hudhani breka ya ampea 20 inaanguka ukifika 20 na nukta moja. Hapana. Kiwango cha IEC 60898, ambacho ndicho cha breka za nyumbani, kinasema hivi: ukipitisha mara 1.13 ya namba iliyoandikwa, haifai kuanguka ndani ya saa moja. Ukipitisha mara 1.45, lazima ianguke kabla ya saa moja kuisha. Kwa C20, hiyo ni kusema ampea 22 na kitu itakuvumilia lisaa lizima, na 29 inaweza kuchukua dakika nyingi kabla iseme imetosha. Hizo hesabu zinafanywa joto la hewa likiwa digrii 30. Ndani ya boksi la bati lililopigwa jua, kile kipande kinaanza safari kikiwa tayari kimepinda kidogo, so kinaanguka mapema. Na kikianguka kwa joto, hakikubali kurudi mpaka kipoe. Wale wa kusema "breka imeharibika, haishiki," ngojeni dakika mbili tatu tu, inapumua.

Ile ya shoti haina hiyo subira. Waya mbili zikigusana, stima inaruka kutoka ampea chache hadi mamia au maelfu. Koili inageuka sumaku, ule msumari wa katikati unachomoka kama risasi, unapiga ndoano, na kwa breka nyingi unagonga kontakti yenyewe moja kwa moja ili zisingoje viungo vingine. Ile herufi C inamaanisha hiyo inafanyika mahali kati ya mara 5 na mara 10 ya namba, so kwa C20 ni kati ya ampea 100 na 200. Yote inaisha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kontakti zikiachana, stima haitaki kuacha, inaruka hewani kama radi ndogo yenye joto la maelfu ya digrii. Vile vibati tisa ndivyo kazi yake. Radi inasukumwa ndani yao na sumaku yake yenyewe, inakatwakatwa vipande vifupi, na kila kipande kinahitaji kama volti 20 ndio kiendelee kuishi. Zidisha kwa idadi ya vipande, unaona radi inakosa nguvu, inakufa.

Nimeyaandika haya yote ili muelewe kitu moja: ile breka yetu ya C20 ilikuwa inafanya kazi. Kila jioni, kwa miezi. Ilikuwa inasema ukweli na tulikuwa tunaichukia.

Fundi wa kwanza, yule wa kukata blada, alisema tutenganishe, singo mbili kwa breka moja na mbili kwa nyingine, na waya mpya. Mwenye ploti akasikia bei akasema hiyo ni ya mwaka ujao. Fundi wa pili alikuwa na jibu rahisi: toa hii ya 20, weka ya 40. Tukachanga mia mbili mbili, singo nne, pamoja na kazi yake.

Nilikuwa nimesimama pale kwa ngazi akiifunga. Aliniangalia akaniuliza, "Wewe si ulisomea hii kitu? Iko sawa, si ndio?" Waya ilikuwa ya 2.5, nilikuwa naiona, shaba nyembamba ndani ya plastiki nyekundu. Waya ya 2.5 ndani ya paipu ni ya ampea ishirini na kidogo. Breka ya 40 ingeweza kuvumilia 45 kwa lisaa lizima bila hata kushtuka, na waya haijui breka imebadilishwa. Nilijua. Mwaka mmoja na nusu unatosha kujua hiyo. Lakini nilikuwa na video ya kupakia saa mbili, na kwa wiki mbili stima ilikuwa imenikata katikati ya kurender. Nikasema, "Iko sawa." Nikatoa mia mbili yangu.

Wiki tatu zikawa tamu. Hakuna kelele, hakuna kupanda ngazi. Nilipost kila siku.

Singo ya kwanza kutoka kwa boksi ni ya mathe wa chapo, anayepikia chapati pale kwa geti asubuhi. Waya ilikuwa inatoka kwa boksi inaingia kwa soketi yake, kutoka hapo inaruka kwenda ya pili, ya tatu, ya nne. Yaani birika langu, jiko la msee wa mwisho, pasi ya kila mtu, yote ilikuwa inapitia kwa skrubu mbili ndogo nyuma ya soketi ya mathe. Yeye mwenyewe alikuwa anatumia gesi.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Kwanza ilikuwa harufu, na sikuijua, nilidhani kuna mtu amepika samaki aliyekaa. Plastiki ya stima ikianza kuungua ndivyo inavyonuka, muiweke kwa kichwa hiyo. Halafu moshi chini ya mlango wake. Pazia lilikuwa limeshika na moto ulikuwa umefika kwa godoro. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa ametumwa mafuta dukani, na mathe alikuwa kwa geti. Mlango tuliuvunja. Mchanga ulikuwepo kwa sababu mwenye ploti alikuwa anajenga choo. Hiyo ni bahati, hatukuwa tumepanga.

Caretaker ndiye alizima meni swichi. Aliniambia baadaye kwamba alipofika kwa boksi, mkono wa breka ya 40 ulikuwa juu. Safari hii bila blada.

Mathe alipoteza godoro, nguo, vitabu vya mtoto na bale moja na nusu ya unga. Kama wiki hivi baadaye nilienda nikamwambia, kwamba fundi aliniuliza na nikasema iko sawa. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa tu silali. Alinyamaza akiendelea kukanda. Kisha akasema kitu sikutarajia, na hakukisema kwa kunisamehe, alikuwa bado amenuna. Akasema, "Na hiyo kitu kila siku ilikuwa inaanguka tu, inaanguka tu. Mbona haikuwahi kusema shida ni gani?"

Nimekaa na hilo swali tangu siku hiyo, na nadhani mathe aliona kitu ambacho wengi wanaotengeneza hizi vitu hawajakishughulikia vya kutosha kwa sisi watu wa ploti.

Breka ina njia mbili tofauti kabisa za kuanguka, moja ikimaanisha "mmepakia sana, pumzikeni" na nyingine ikimaanisha "kuna waya zimegusana, usinirudishe." Ndani zinaanza mahali tofauti, kwa vipande tofauti. Lakini zikifika nje zote ni mkono mmoja umeanguka chini. Na mtu akiizima kwa kidole, pia ni mkono chini. Sababu tatu, sura moja. Sisi tuliona mkono chini kila jioni tukasoma "breka mbovu." Kama ingeandika "joto," hata mara moja, hata caretaker angejua shida ni birika nne na si breka.

Na si eti haiwezekani. Zile breka kubwa za viwandani zenye kitengo cha elektroniki zina vitaa vinavyokuonyesha ni mzigo ulizidi ama ni shoti. Mwenye kiwanda anaelezwa. Marekani, breka nyingi za nyumbani zikianguka mkono unasimama katikati, so angalau unajua imeanguka yenyewe, haijazimwa na mtu. Kuna pia ndogo za bei ya juu zenye kidirisha chekundu cha kazi hiyo hiyo. Ile ya kwetu ya bei ya chini, ambayo ndiyo inalinda watu wengi zaidi kwa mita mraba kuliko zote, haisemi kitu.

Nilianza kuchora. Wazo la kwanza lilikuwa vibendera viwili, cha njano kisukumwe na kile kipande cha joto, chekundu kisukumwe na msumari wa shoti. Nikakata vipande vya chupa ya plastiki nikajaribu kwenye hii maiti yangu. Cha njano kikakataa. Kile kipande cha metali mbili kina nguvu kidogo sana, yote imehesabiwa kugusa ndoano tu, na ukikipa kibendera cha kusukuma pia, kinachelewa kuiangusha breka. Umetengeneza breka inayoongea vizuri na inalinda vibaya.

Ilinichukua muda wa aibu kuona kwamba kibendera kimoja kinatosha. Msumari wa shoti una nguvu ya kumwaga, hausikii hata uzito wa kibendera. Mpe huo cha rangi nyekundu. Breka ikianguka na nyekundu imetoka, ni shoti, usirudishe, ita fundi. Ikianguka na nyekundu haijatoka, ni joto, chomoa vitu, ngoja ipoe. Unganisha na mkono wa kusimama katikati kama wa Marekani, na zile sababu tatu zote zina sura yake. Hakuna betri, hakuna chip. Nilimwonyesha fundi wa kwanza, akaigeuza geuza, akaniuliza vumbi ya Githurai ikiingia kwa hicho kidirisha na kibendera kikwame ndani wakati kuna shoti, si nitakuwa nimemwambia mtu arudishe? Sina jibu la hiyo bado. Kibendera kinachodanganya ni kibaya kuliko kunyamaza, hapo ako right.

Na kudanganya kwa breka si hadithi. Marekani kulikuwa na breka za Stab-Lok za kampuni ya Federal Pacific Electric, ziliwekwa kwa manyumba mengi sana kuanzia miaka ya 1950. Mwaka wa 1980 kampuni iliyokuwa imeinunua ilitangaza kwamba cheti cha usalama cha nyingi ya bidhaa hizo kilipatikana kwa njia za udanganyifu. Shida iliyozipa jina baya ni kwamba kuna zilizokataa kuanguka zikitakiwa kuanguka. Kwa macho, zote ziko sawa. Mkono unapanda na kushuka vizuri tu. Ndio maana nikiona mtu anachagua breka kwa kusikiliza "klik" yake dukani, naumwa na tumbo.

Kuna vitu vingine ningebadilisha. Kwenye hii yangu, nikipandisha mkono pole pole, kontakti nayo inakaribia pole pole, zinaanza kurushiana cheche kabla hazijagusana vizuri. Kuna muundo bora ambapo kontakti inazuiwa mpaka mkono upite mahali flani, kisha springi inaifunga kwa ghafla, hata kama wewe ni mvivu. Na skrubu za kushika waya, hizo ndizo zinanikera zaidi. Kwenye hii yangu unaweza kuingiza waya nyuma ya kibati cha kushikia badala ya ndani yake, ukakaza, ukahisi imekaza, na waya iko loose. Kiungo kilicho loose kinatoa joto ambalo breka haioni kabisa, kwa sababu stima inayopita ni ya kawaida. Kuziba hiyo nafasi ya nyuma kwa kipande cha plastiki ni kazi rahisi, na wengine wameshaifanya.

Kitu ambacho sitaki kwa ploti yetu ni zile breka za app, na najua mnazipenda, kuna mmoja wenu alinitumia link mara tatu. Poa, inakutumia notification. Lakini ina kamota ka kurudisha mkono. Msee yuko Tao anaona imeanguka, anabonyeza kwa simu, imerudi. Hajanusa kitu. Caretaker wetu na magoti yake angalau alikuwa anapita kwa mlango wa mathe kila akipanda.

Mwenye ploti alitenganisha hatimaye, mwaka ujao wake ulifika haraka baada ya moto. Sasa kuna breka mbili za 20, waya mpya, na mlango wa boksi umepakwa rangi nyeupe. Bado zinaanguka, mara moja moja. Kwa vile kibendera changu bado ni kipande cha chupa, nilichapisha karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa boksi:

IKIANGUKA: chomoa birika, jiko na pasi. Ngoja dakika tatu. Rudisha. Ikishika, mlikuwa mmepakia sana. Ikiruka hapo hapo na hakuna kitu kimechomekwa, USIRUDISHE TENA. Ita fundi. Ukinusa samaki, zima meni swichi kwanza.

Juzi nilipita nikakuta caretaker ameongeza mstari wake chini, kwa biro, herufi kubwa za mtu aliyebonyeza sana: NA MKO NA BIRIKA NGAPI HUKO JUU??